Anayeanza kukwea miamba asiuziwe kiatu cha kumuumiza

Ukifungua marobota ya viatu vya mitumba pale Gikomba, Owino au Memorial kule Moshi, siku moja utakutana na jozi ambayo wauzaji huigeuzageuza mikononi bila kuielewa. Haina kisigino kilichoinuka. Soli yake ni tambarare, haina meno hata moja. Mpira mweusi umepanda mbele hadi juu ya vidole, kisha ukazunguka nyuma na kukumbatia kisigino. Mmoja atasema ni kiatu cha dansi, mwingine atasema ni cha mazoezi, na asiye na muda ataitupa kwenye fungu la fagia iende kwa bei ya kutupa. Hicho ni kiatu cha kukwea miamba. Kikiwa kipya huko Ulaya, cha kawaida kinachomfaa anayeanza mara nyingi huuzwa kati ya euro 60 na 100.

Kukiuza kwa bei ya fagia ni hasara ya muuzaji, na hasara ya namna hiyo hupona. Linalonisumbua zaidi ni yale yanayotokea pale muuzaji anapokitambua. Mteja huambiwa kwamba kiatu cha mwamba sharti kibane, kwamba kikiuma ndipo kinafanya kazi, na kwamba avumilie wiki mbili kitajiachia. Kijana aliyekuja na pesa alizochanga kwa mwezi mzima huondoka na kiatu kilicho namba mbili chini ya mguu wake, huku vidole vimekunjwa kama ngumi. Hoja yangu ni kwamba maneno hayo, kwa anayeanza, si kweli. Na yanaiua biashara hii ingali changa, kabla haijapata miguu ya kuvuka mpaka.

Wateja wapo, na si watalii peke yao. Katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha ipo nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi, iitwayo Fischer's Tower kwa jina la msafiri Mjerumani Gustav Fischer. Wageni hupandishwa hapo kwa kamba na vijana waongozaji. Kilima cha Lukenya, ambacho msafiri wa barabara ya Mombasa hukutana nacho akishapita Athi River, kimekuwa uwanja wa mazoezi wa wakweaji wa Nairobi kwa miongo mingi. Chama cha wapanda milima cha Kenya, Mountain Club of Kenya, kipo tangu 1949. Nairobi kuna kuta za ndani za kukwea ambako watoto wa shule na wafanyakazi wa ofisini huenda jioni. Upande wa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, maporomoko ya Sipi yana miamba inayokwewa kwa kamba. Tangu mchezo huu uingizwe kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na kurudi Paris 2024, vijana wameuona kwenye simu zao na wanataka kuujaribu. Soko ni dogo, sitalipamba. Lakini ni soko la watu wanaojuana. Mmoja akiumia miguu, kundi zima hujua kiatu kilitoka kibanda gani.

Kabla ya namba na vipimo, tutenganishe bidhaa mbili ambazo huchanganywa kila siku. Kiatu cha kutembea milimani ni buti lenye meno makubwa, shingo inayoshika kifundo cha mguu na soli nene. Hilo ndilo wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro wanalolitafuta Moshi, kwa kuwa njia za kawaida za kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni za kutembea. Mlima Kenya una sura zote mbili: Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu, lakini Batian, mita 5,199, hufikiwa kwa kamba na kukwea. Wanaoelekea Mbale kutoka Malaba wanaufahamu Mwamba wa Tororo. Ule una njia yenye ngazi, na anayepita hapo hana haja ya kiatu cha kukwea. Kumuuzia mpagazi kiatu chenye soli tambarare eti ni cha mlimani ni kumtafutia ajali, kwa sababu kwenye tope na majani mabichi soli hiyo huteleza vibaya. Kiatu cha kukwea huvaliwa mtu akiwa chini ya mwamba tayari kupanda, na akishuka huvuliwa. Si cha kutembelea, si cha bodaboda, si cha kanisani.

Sasa, haya maneno ya kubana yalitoka wapi? Yana asili yake, wala si uongo wa kutungwa. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Pierre Allain alitengeneza kiatu chepesi chenye soli laini ya mpira kwa ajili ya miamba ya Fontainebleau, na kwa miaka mingi baadaye viatu vya aina hiyo vilikuwa vya turubai na ngozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Boreal ya Uhispania ikaleta kiatu kiitwacho Firé, chenye mpira wa kunata kuliko uliokuwapo, na watengenezaji wengine wakafuata. Viatu vingi vya siku hizo vilikuwa vya ngozi isiyo na kitambaa ndani. Ngozi ya namna hiyo hutanuka ikivaliwa, wakati mwingine hata kwa namba nzima. Mkweaji aliyenunua kiatu kinachomtosha vizuri siku ya kwanza alikuta mguu unacheza ndani baada ya miezi miwili. Kwa hiyo alinunua kidogo, akavumilia, na alikuwa na sababu.

Viatu vingi vinavyotoka kwenye marobota leo si vya ngozi hiyo. Ni vya ngozi bandia, au vya ngozi iliyowekewa kitambaa ndani, na vinatanuka kidogo mno. Kinachokubana leo kitakubana hivyo hivyo mwakani. Ushauri wa mababu umebaki, kiatu kimebadilika. Isitoshe, mtumba umeshavaliwa na mtu mwingine. Kama ulikuwa wa kutanuka, ulishatanuka kwa mguu wa mwenyewe wa kwanza. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba mtumba utajiachia anauza ahadi ambayo ilishatumika.

Ipo sababu nyingine inayotajwa, nayo ni ya haki zaidi. Mabingwa huvaa viatu vya kubana sana. Ni kweli. Bingwa hukanyaga kijishikio chembamba kama ukingo wa sarafu, juu ya ukuta ulioinamia nje, na anahitaji kidole gumba kisisogee hata kidogo ndani ya kiatu. Lakini tazama anavyofanya: hupanda kwa dakika chache, hushuka, na mara anavua. Anayeanza hapandi hivyo. Anapanda njia nyepesi zenye vikanyagio vipana, anasimama sana akifikiri mkono uende wapi, anashikwa na woga, anakaa kwenye kiatu muda mrefu. Kazi yake ya kwanza ni kujifunza kuiamini miguu. Mtu ambaye miguu inamwaka moto haikanyagi kwa uzito wote. Hujivuta kwa mikono, mikono inachoka, anaanguka, anasema mchezo huu si wa watu kama sisi. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na nilipotazama miguuni nikaona kiatu.

Madhara mengine hayahitaji daktari kuyaeleza: malengelenge kwenye kisigino, sugu juu ya vifundo vya vidole, ukucha kuwa mweusi, vidole kufa ganzi. Kiatu cha kubana kikiendelea kwa miaka huweza kusukuma kidole gumba kuelekea vidole vingine mpaka kifundo kichomoze pembeni. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini nadhani hawakuwa wakitoa ushauri wa kununua viatu.

Kiatu cha raha, basi, kikoje? Si kiatu kilicholegea, na hapa ndipo wauzaji wema hukosea kwa upande wa pili. Wanamwonea mteja huruma, wanampa kikubwa. Mguu ukicheza ndani, mtu anakanyaga kikanyagio lakini kiatu kinazunguka, na kisigino kinachomoka anapokiegemeza. Kinachotakiwa ni kiatu kinachojaza pande zote bila kuumiza. Vidole vyote viguse mbele, vilale sawa au vikunjike kidogo sana. Kisigino kikae bila mfuko wa hewa. Katikati kushike kama soksi nzito. Mteja aweze kukaa nacho dakika kumi akizungumza nawe bila kutamani kukivua.

Mwache akijaribu, na hapa nasisitiza. Asikipime kwa kukiweka ubavuni mwa kiatu alichovaa, wala kwa kuitazama namba. Akivae bila soksi, au kwa soksi nyembamba ikiwa ndivyo atakavyopandia. Akivae miguu yote miwili, maana watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, na ule mkubwa ndio unaoamua. Muda mzuri ni jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kutwa nzima ya kusimama, kwa sababu kinachotosha saa moja asubuhi huweza kubana saa kumi jioni. Halafu mwambie asimame kwa ncha ya kidole gumba kwenye ukingo wa jiwe, wa ngazi au hata wa kreti la soda lililopinduliwa. Akiweza kuhesabu hadi sitini bila kukunja uso, kiatu kinamfaa. Akikunja uso akifika kumi, usimwambie avumilie. Akisimama vizuri lakini kisigino kikainuka ndani, hicho ni kikubwa au kimekatwa kwa mguu wa umbo lingine.

Umbo ni jambo ambalo muuzaji anaweza kulijua kabla mteja hajafika. Weka kiatu juu ya ubao ulionyooka, kitazame kwa ubavu. Kama soli imelala sawasawa kuanzia mbele hadi nyuma, hicho ni cha anayeanza na ni cha mtu yeyote anayetaka kupanda kutwa. Kama ncha inaangalia chini na katikati kumeinuka kama daraja, kikionekana kama ukucha wa ndege, hicho ni cha waliobobea, cha kuta zinazoinamia nje. Ukimuuzia anayeanza kiatu cha pili hata kwa namba iliyo sahihi, kitamuumiza, kwa kuwa kimetengenezwa kumkunja vidole. Kipeleke kwa wakweaji wa zamani pale Nairobi. Wao wataking'ang'ania na watakulipa zaidi. Hii ndiyo tofauti ya bei ambayo wenzetu wanaipoteza kwa kuchanganya vyote kwenye turubai moja.

Angalia pia kinavyofungwa. Cha kamba hushika mguu wa aina nyingi, kwa sababu unaweza kulegeza juu na kukaza chini, hivyo kinafaa sana pale usipojua nani atakuja kununua. Cha mikanda ya kunata huvaliwa na kuvuliwa haraka, na kwenye kuta za ndani watu hukipenda kwa hilo. Cha kuchomeka mguu tu, kisicho na kamba wala mkanda, hutegemea kubana ili kishike. Mimi singemshauri anayeanza akichukue.

Upana unahitaji maneno yake. Miguu ya watu waliokua wakitembea peku au kwa ndala huwa mipana mbele, na sehemu kubwa ya wateja wetu ni watu hao. Viatu vingi vizuri hutoka kwa watengenezaji wa Italia kama La Sportiva na Scarpa, na aina kadhaa za viatu vyao ni nyembamba. Mteja mwenye mguu mpana akipewa kiatu chembamba hukimbilia kupanda namba ili apate nafasi pembeni, halafu anapata urefu asiouhitaji na kisigino kinachocheza. Badala ya kupandisha namba, tafuta jozi nyingine yenye umbo pana. Na zile zinazoitwa za kike, ambazo hutenganishwa kwa rangi ya waridi au ya samawati, mara nyingi tofauti yake ya kweli ni kwamba ni nyembamba na zina nafasi ndogo juu ya mguu. Mwanamume mwenye mguu mwembamba huenda akazipata raha kuliko zile za kiume, na mama mwenye mguu mpana huenda akafaa zile za kiume. Rangi isikupotezee mauzo.

Nije kwenye namba, kwa sababu biashara ya kuvuka mpaka sasa inafanyika kwa simu. Mtu wa Mbale anamwandikia dada wa Gikomba: nitumie namba 42. Arubaini na mbili ya nani? Hatua moja ya namba za Ulaya ni kama milimita 6.7, ya Uingereza ni kama milimita 8.5, na za Marekani zina mwanzo wake tofauti, tena za wanaume na za wanawake haziendi sawa. Kila kampuni ya viatu vya kukwea nayo ina desturi yake: 42 ya moja ni kama 41 ya nyingine. Dawa ni rahisi. Mteja akanyage karatasi akiwa peku, kisigino kikiwa kimeegemea ukuta, aweke alama mbele ya kidole kirefu, apime kwa sentimita. Apime na upana, pale panapotanuka zaidi. Atume vipimo hivyo viwili vya mguu wote mkubwa. Muuzaji naye apime ndani ya kiatu kwa kijiti au kwa kamba ya fundi cherehani, maana kiatu kilichovaliwa hakifuati tena namba iliyoandikwa. Hili litapunguza viatu vinavyorudishwa kwa basi la usiku, ambavyo nauli yake hula faida yote. Na tafadhali, kabla ya kufunga kifurushi, hakikisha kulia na kushoto ni namba moja. Kwenye mtumba jozi zilizooana kwa bahati mbaya si hadithi.

Baada ya mguu, angalia mpira. Soli ya kiatu hiki kwa kawaida huwa na unene wa milimita 3.5 hadi 5, na huisha kwanza chini ya kidole gumba. Pitisha kidole hapo. Ukiona soli imekonda mpaka imefikia ule ukingo wa mpira unaozunguka ncha, kiatu kinahitaji kubadilishwa soli. Ukiona tundu au kitambaa kinachungulia, usikiuze kama kiatu kizima. Ikiwa mpira ni mzima lakini unang'aa na umekauka kwa kukaa miaka, kuusugua polepole kwa msasa laini huondoa lile tabaka la juu na kurudisha mshiko kiasi. Usikianike juani siku nzima ili kipendeze machoni mwa wapita njia, kwani joto hulegeza gundi na soli huanza kufunguka mbele. Osha kwa maji baridi na brashi, kausha kivulini. Harufu haitaisha yote. Mwambie mteja ukweli, ataicheka.

Kuhusu fundi viatu, nina neno ambalo huenda lisiwafurahishe baadhi ya marafiki zangu. Fundi wetu wana mikono ya dhahabu. Wanageuza tairi kuwa akala zinazovaliwa kutoka Kajiado hadi Arusha na hazichakai haraka. Lakini mpira wa tairi ulitengenezwa kuwa mgumu ili udumu barabarani, wakati mpira wa kukwea ulitengenezwa kuwa laini ili ushike jiwe, ndiyo sababu unaisha upesi. Ukibandika mpira wa tairi kwenye kiatu cha kukwea umepata akala ya bei ghali. Fundi anayetaka kuiingia kazi hii aagize mabamba ya mpira wenyewe, kama yale ya Vibram, ambayo huuzwa kwa ajili ya kubadilishia soli. Kama nilivyosema wateja wanajuana, na fundi mmoja mzuri Nairobi na mmoja Mbale wangetosha kwa kuanzia.

Wafanyabiashara watanijibu, na nawasikia tayari. Watasema: nina jozi moja tu, mteja ameshika pesa, nimrudishe? Jibu langu ni ndiyo, lakini usimrudishe mikono mitupu. Tatizo la bidhaa hii ni kwamba kila mmoja ana jozi moja, hivyo kila mmoja analazimika kuuza jozi aliyo nayo kwa mguu wowote unaopita. Wauzaji kumi wa Gikomba wakimkabidhi mwenzao mmoja jozi zao, yule mmoja atakuwa na namba kumi. Hapo mteja atapimiwa kweli. Wauza viatu wa Kongowea na wa Memorial wanaweza kumtumia zao kwa njia ile ile wanayotumiana makoti ya baridi. Mgao wa faida ni suala la kupatana, na watu wa mitumba ni hodari wa kupatana kuliko mawakili. Aliye na jozi ya kipekee apewe sehemu yake ikiuzwa, si kabla. Kisha mteja apewe siku mbili za kukirudisha kikiwa hakijagusa mwamba. Muuzaji anayeogopa kurudishiwa anajua mwenyewe anachouza.

Mpakani napo kuna la kuzingatia. Cheti kilichorahisishwa cha uasilia wa bidhaa, ambacho kinawasaidia wengi wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiatu kilichotengenezwa Italia au China hakiwi cha Afrika Mashariki kwa kuwa kimelala usiku tatu Gikomba. Usishawishiwe na vishoka kwamba utapita nacho kwa cheti hicho. Beba risiti ya ununuzi, uliza dawati la habari za biashara kabla ya kupanga mzigo, na ujue kwamba nchi hazifanani. Rwanda mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na viatu vilivyotumika navyo vikaongezewa. Kwa anayelenga Kigali hesabu ni tofauti kabisa na ya anayelenga Mbale. Kwa viatu vichache vya bei nzuri hesabu hiyo bado inaweza kukubali. Kwa gunia la vilivyochanganywa haikubali.

Kuna bidhaa moja ambayo hutoka kwenye shehena zile zile za michezo, na huyo huyo aliyenunua kiatu ataiulizia: kamba ya kukwelea na mkanda wake wa kiunoni. Hapo maneno yangu ya raha na bei yanakoma. Kiatu cha mtumba kikiwa kibaya, mtu ataumia vidole. Kamba ya mtumba huijui iliangukiwa mara ngapi, ilimwagikiwa maji ya betri garini au la, ililala juani miaka mingapi. Kwa macho inaweza kuonekana mpya. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 hata kwa kamba ambayo haikutumika kabisa, na isiyojulikana historia yake haipaswi kumbeba mtu. Mkanda wa kiunoni ni vivyo hivyo, kwa sababu nyuzi zake huoza bila kutoa taarifa. Mteja akikubembeleza, akikwambia ni ya kujifunzia tu chini chini, mwelekeze akanunue mpya au akajiunge na chama chenye vifaa vinavyokaguliwa. Hiyo kamba uliyo nayo ikate vipande vya mita mbili mbili, uwauzie watu wa bodaboda wafungie mizigo.